Paa la Okedi Siku ya Kukatwa Stima

Ukivuka mpaka kutoka Kenya ukaingia Busia ya Uganda, usiende mbali. Fuata harufu ya tangawizi mpaka kona ya barabara ya Majanji, utaona benchi refu la mbao limeegemea ukuta wa mashine ya kusaga. Kahawa ni ya Ariokot, benchi ni la kila mtu, na ukuta ni wa Okedi mwenye mashine, ambaye hapo kijiweni anaitwa Megawati. Jina hilo alijipa mwenyewe, na wenzake wakamwachia kwa sababu kubishana na Okedi ni kazi ya siku nzima. Mwezi uliopita alipandisha paneli za sola juu ya paa lake, akaziunganisha na laini ya stima ya mji, na tangu siku hiyo hatembei, anaelea. Sasa kampuni ya stima ilikuwa imepitisha kipaza sauti mtaani: Alhamisi, saa nne, stima inakatwa mpaka jioni, waya za kona zinabadilishwa. Mtaa mzima ulinuna. Okedi akanunua shati jipya.

Alhamisi yenyewe ilifika na jua lake, na shati lilikuwa jekundu. Nyuma ya ukuta mashine ilikuwa inanguruma, unga unatoka, na Okedi amekaa katikati ya benchi kifua mbele, kikombe mkononi.

— Leo nyinyi mtaona kitu, alisema. Mashine zote ya Busia zitanyamaza. Moja tu haitanyamaza. Mnaijua.

— Tumesikia, Megawati. Tangu Jumatatu tunasikia, alijibu Fidel.

Huyu Fidel anauza vipuri vya pikipiki upande wa Kenya. Kila asubuhi huvuka kuja kunywa kahawa ya Ariokot, na huongea kana kwamba mbele yake kuna maikrofoni, ndiyo maana wanamwita Waziri.

— Sisemi kwa ubaya, Waziri. Nasema kwa sababu mliniahidi.

Kweli waliahidi. Mbele ya Ariokot, kikombe juu, watu watatu walikuwa wameapa kwamba mashine ya Okedi ikinguruma wakati laini imekatwa, nao wataweka sola yao. Wa kwanza ni huyo Waziri. Wa pili ni Maurine, Mkenya mwenye saluni iliyo mlango wa tatu kutoka hapo, ambaye stima ikipotea mteja wake hubaki na nywele nusu mbichi. Wa tatu ni Ojulong, fundi wa kuchomelea vyuma, anayeitwa Cheche. Okedi alikuwa ameibeba ahadi ile moyoni wiki nzima. Kuwa wa kwanza mtaani ni raha, lakini wa kwanza asiyefuatwa na mtu huitwa mwehu, na Okedi alilijua hilo vizuri.

— Lakini tuseme ukweli, alisema Waziri akijiweka sawa. Hii sola imeshuka bei kwa sababu moja tu. Wachina walitengeneza nyingi kupita kiasi. Maghala yamejaa mpaka mlangoni. Sasa wanauza ili wapate pa kulala.

— Wacha hizo, bana, Maurine alicheka.

— Nakwambia! Miaka ile paneli moja ilikuwa kitu cha mzungu wa misheni. Leo mpaka banda la kuku linayo.

— Hapana, Okedi akaingilia. Bei ya paneli ni nusu ya maneno. Mimi nilikwenda pale Tororo kwa shamba ya sola, nikasimama kwa ua nikaangalia. Wee! Paneli zimepangwa mistari kwa mistari, unaangalia mpaka macho inachoka. Hakuna moshi. Hakuna kelele. Nikauliza mtu wa pale, hii kitu haina mafuta, sasa gharama iko wapi? Akaniambia, mzee, mafuta ya sola ni mkopo.

— Mkopo?

— Eh! Jenereta unanunua rahisi, halafu inakunywa pesa yako kila siku. Sola inakula pesa yote siku ya kwanza, halafu inanyamaza miaka na miaka. Kwa hiyo kama benki inaogopa, riba inapanda, sola inakuwa ghali. Kama kuna mtu ameandika kwamba atanunua hiyo stima kwa bei ile ile miaka mingi, benki inalala usingizi, riba inashuka, sola inashinda jenereta asubuhi na mapema.

Waziri aliacha maghala ya Wachina, akaomba kahawa nyingine. Okedi aliiona hiyo, na ikamtelemka tamu kuliko sukari.

— Na betri? Cheche aliuliza. Betri ndiyo inaua watu.

— Betri sina! Okedi alipiga paja. Hapo ndiyo mnakosea nyinyi wote. Laini ndiyo betri yangu. Mchana paa inatoa, mashine inakula, ile inabaki nasukuma kwa laini, mita inahesabu imetoka. Jioni nachota, mita inahesabu imeingia. Pengine saa hii kuna mtu Nagongera anapiga pasi na jua yangu.

— Banange, alisema Ariokot akimwaga kahawa. Na shati ya mtu inanyooka kwa sababu ya Okedi.

— Inanyooka sana!

Walicheka wote, na Okedi akacheka zaidi yao. Ilikuwa asubuhi nzuri. Hata ng'ombe wa watu waliokuwa wanapita kwenda mnadani, Okedi alitamani kuwasimamisha awaonyeshe paa.

— Mimi naona mbali zaidi, alisema Cheche, ambaye akishika hoja huichomelea mpaka ikunjike. Sikieni. Mchana sola inafanya kazi, si ndiyo? Basi kule Jinja bwawa la stima linapumzika kidogo.

— Hilo kweli, Okedi alikubali.

— Likipumzika, maji inabaki kwa ziwa. Maji ikibaki, samaki wanapata nafasi. Samaki wakipata nafasi, Majanji wavuvi wanacheka. Kwa hiyo ile sangara nilikula Jumapili ilikuwa mnene kwa sababu ya hii paa hapa.

— Ojulong! Maurine alishika mbavu.

— Nimekosea wapi?

— Hujakosea, umepotea kabisa!

— Na mimi nina malalamiko rasmi, Waziri akasimama. Hilo jua linatokea wapi asubuhi? Mashariki. Mashariki ni wapi? Kenya. Linaamkia kwetu, linavuka hapa mbele ya macho ya forodha, hakuna muhuri, hakuna kukaguliwa, na Okedi analisagia mahindi. Mimi nikivuka na nyanya wananisimamisha. Jua la bure linapita.

— Lakini saa sita liko juu ya nani? Okedi aliuliza. Liko juu ya Uganda. Na jioni linakwenda wapi? Linalala kwetu. Mtoto ni wa kule anakolala.

— Sawa, lakini mumlipie shule!

Kicheko kikawa kikubwa mpaka madereva wa boda wakageuka. Cheche hakutaka kushindwa. Alikohoa, akateremsha sauti.

— Mmegundua kitu? Tangu Okedi ameweka hii kitu, stima mchana haijapotea hata mara moja.

Wakatazamana. Kweli. Usiku ilikuwa imepotea mara mbili tatu, lakini usiku mashine imefungwa na sola imelala. Mchana, hata siku moja.

— Laini zetu zimeshikana, Cheche aliendelea. Busia na Tororo, Tororo na Kenya. Mimi nafikiri hii paa inashikilia mji wote. Na Kisumu, kidogo.

Okedi alijua Cheche ametia chumvi, tena gunia zima. Lakini hakumkatiza. Alinyoosha kola ya shati na kutazama paa lake kwa upole, mtu anavyomtazama mwanawe aliyeongoza darasa.

Hapo ndipo boda ikasimama na mama mmoja akashuka na debe la mahindi. Alikuwa mgeni kijiweni. Alisema anaitwa Leonida, ametoka njia ya Majanji, wakwe zake wanafika leo kula, na mashine mbili alizopita zimemwambia hazipokei mahindi kwa sababu stima inakatwa sasa hivi.

— Umefika nyumbani, nyabo, alisema Okedi akiinuka. Hapa hatukatwi. Hapa kuna sola.

— Mulembe, baba. Nimeiona huko juu. Ni nzuri.

— Ni nzuri sana.

— Imeungana na laini?

— Imeungana! Ndiyo maana ni rahisi. Haina betri, haina mafuta...

— Sasa laini ikikatwa, hii yako inabaki inawaka?

— Inabaki! Jua si linabaki?

— Umeshaiona ikibaki?

Okedi aliinua macho kwenye paa. Alimtazama Cheche. Cheche alitazama kahawa. Maurine akamtazama Waziri, na Waziri, mtu anayejua bei ya paneli mpaka ghalani Uchina, akaanza kusafisha miwani. Watu wanne waliokuwa wamenenepesha samaki na kulilea jua hawakujua jambo hilo moja dogo.

— Sikuuliza kwa ubaya, alisema Leonida. Ni hii debe tu.

— Weka chini mama, Okedi alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua. Dakika kidogo utaona.

Gari la kampuni ya stima lilikuwa limekwisha kufika. Fundi wa laini, Opendi, alikuwa anafunga mkanda wake kwenye nguzo iliyo mbele ya benchi. Opendi ni mtu wa mtaa huo huo, baba wa mapacha, na kahawa huinywa amesimama kwa sababu hana subira ya kukaa. Aliwapungia mkono, akapanda. Chini mwenzake akaongea kwa simu, akaitikia kwa kichwa.

Redio ya saluni ilinyamaza katikati ya wimbo. Friji ya duka la soda ikatetemeka, ikatulia. Na nyuma ya ukuta, mashine ya Okedi ikavuta sauti ndefu ya kuchoka, mkanda ukapiga, ukapiga tena, ukasimama.

Jua lilikuwa linawaka mpaka bati linalia.

— Megawati, alisema Waziri polepole. Hata kilowati?

Maurine alijizuia, akashindwa. Madereva wa boda walipokea kicheko wakakipitisha barabara nzima, na mtu akapaza sauti kutoka duka la soda kwamba leo Kisumu nayo imeanguka. Okedi alihisi shati limembana shingoni. Aliingia ndani bila kumtazama mtu. Kisanduku cha inverta ukutani, kinachogeuza nguvu ya paneli iwe stima ya mashine, kilikuwa kimewasha taa moja nyekundu. Alikipiga kofi. Hakikusema kitu.

— Wewe, alikiambia. Leo? Leo ndiyo unanifanya hivi?

Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atamani mlango wa nyuma. Aliwafikiria wenye mashine zingine waliokataa mahindi asubuhi ile. Akafikiria jinsi watakavyosema kwamba sola ni pambo, na kwamba Okedi amepambwa.

Cheche alimfuata ndani. Hakuwa anacheka. Cheche ni rafiki wa kweli, na rafiki wa kweli akiona aibu yako hutafuta koleo.

— Sasa ndiyo naelewa hii ugonjwa, alisema. Hii kitu inasubiri laini. Haioni laini, inalala. Sasa mimi niko na jenereta yangu ya kuchomelea. Tunaileta hapa, tunachomeka kwa ukuta. Inverta ikionja stima, itafikiri laini imerudi. Tunaidanganya. Itaamka, sola itasukuma, mashine itanguruma. Nani atajua?

— Itakubali?

— Itakubali! Mimi nimedanganya vitu kubwa kuliko hii.

Moyo wa Okedi ulirudi mahali pake. Aliona tayari Waziri akimeza maneno, Maurine akiuliza bei, mtaa mzima ukimeta paneli kutoka kona mpaka forodhani, na yeye ndiye wa kwanza.

— Lete.

Cheche alikwenda mbio, akarudi na jenereta kwenye toroli. Waliiweka mlangoni. Alivuta kamba, ikakohoa, ikawaka. Akashika waya wenye plagi, akainama kwenye ukuta.

— Ngoja, alisema Okedi. Nimuulize Carol ni tundu gani, tusichome kitu.

Carol ni injinia wa Tororo aliyemfungia paneli. Alipokea simu haraka.

— Habari, mzee Okedi. Mashine inasaga?

— Imezima na laini. Lakini usiwe na wasiwasi, binti yangu, tumeleta jenereta, tunachomeka hapa tuidanganye. Niambie tu tundu...

— Usichomeke!

Alipiga kelele mpaka Cheche akamsikia kutoka kwenye simu, na mkono wake ukasimama hewani.

— Mzee, mmechomeka?

— Bado.

— Swichi kubwa ya mita mmeizima?

— Hatujagusa.

— Toka nje. Uko nje? Kwa nguzo kuna mtu?

Okedi alitoka mlangoni na simu sikioni.

— Kuna Opendi.

— Ameshika nini?

Opendi alikuwa ameegemea mkanda wake huko juu, glavu moja ameivua ameibana mdomoni, na kwa vidole vitupu alikuwa anafungua kifundo cha waya. Okedi aliufuata waya ule kwa macho. Ulitoka mikononi mwa Opendi, ukapita juu ya benchi, juu ya kichwa cha Maurine, juu ya debe la Leonida, ukashuka kwenye ukuta wa mashine, ukaingia ndani ya mita yake.

— Ameshika waya yangu, alisema.

— Ndiyo maana imezima, mzee. Haijaharibika. Laini ikifa, inverta inalala ili isisukume stima kwa mtu aliye juu. Jenereta yenu ingesukuma tu. Nilikwambia siku ile ya kufunga.

— Uliniambia lini?

— Ulikuwa unapigwa picha.

Okedi hakuaga. Aligeuka, akauondoa waya mkononi mwa Cheche, akaizima jenereta mwenyewe. Cheche alikuwa amesikia. Alikaa kwenye ukingo wa toroli kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua.

— Ningemuua, alisema. Okedi. Mimi Opendi tumesoma naye.

— Tungemuua sisi wawili. Mimi ndiyo nilisema lete.

Okedi alifunga mlango wa mashine kwa kufuli, akauvuta mara mbili kuhakikisha. Kisha akatoka kwenye jua, akasimama mbele ya benchi, mbele ya kicheko chote kilichobaki.

— Haya, mheshimiwa, alisema Waziri. Tuambie rasmi. Imezima au haikuzima?

— Imezima.

— Mwandike! Amekubali!

— Imezima, na mimi nashukuru Mungu imezima. Angalieni huko juu.

Waliangalia. Aliwaonyesha waya kwa kidole, kipande kwa kipande, kutoka vidole vya Opendi mpaka ukutani. Hakuharakisha, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakuongeza chumvi. Aliwaambia na habari ya jenereta pia, kwamba waya ulikuwa karibu kuingia ukutani na aliyeruhusu ni yeye. Alipomaliza, hakuna aliyekuwa anacheka. Maurine alikuwa ameziba mdomo.

— Mimi nilikuwa nataka kelele, alisema Okedi. Nilitaka ingurume mnione. Hii kitu kwa ukuta haikutaka kuonekana. Ilijua kuna mtu kwa nguzo, ikanyamaza. Iko na akili kuliko mwenyewe. Na ni ya kwangu! Sikilizeni, mimi leo naona fahari kuliko jana. Jana nilikuwa na sola. Leo niko na sola ambayo inajua Opendi.

Alisema hivyo na hakuona haya.

Waziri alirudi kukaa kwenye benchi.

— Jenereta ya dukani kwangu, alisema, ikiwaka, haijui kama kuna mtu.

— Hata yangu haijui, Cheche alijibu kutoka kwenye toroli. Miaka yote hii naichomeka tu.

— Huyo Carol anapatikana wapi? aliuliza Maurine.

— Tumeapa ikinguruma ndiyo tunaweka, Waziri alimkumbusha, lakini bila nguvu.

— Wewe baki na kiapo chako. Mimi dada zangu wanaanika nguo chini ya waya ya stima huko nyuma, nataka kitu kinachojua kuna mtu. Nipe namba, Megawati.

Okedi alimpa. Cheche naye akatoa simu. Waziri alitazama forodha, akatazama nguzo, akasema kwamba kama jua lazima livuke, ni heri lianze kufanya kazi kwake kabla halijavuka, na atajiwe namba polepole.

Leonida alikuwa amesikia yote. Alilivuta debe lake kivulini, akakaa juu ya kifuniko, akapokea kikombe kutoka kwa Ariokot.

— Nyabo, nisamehe, alisema Okedi. Nilikwambia inabaki. Wakwe zako?

— Wakwe watakunywa chai kwanza, alisema Leonida. Hawajafa na njaa. Wacha huyo mtu ashuke.

Kijiwe kizima kilisubiri, vichwa vyote juu. Mwishowe Opendi aliona mtaa mzima unamkodolea macho, akatoa glavu mdomoni.

— Kuna nini huko chini? Mbona mnaniangalia hivyo? Mnataka stima?

— Fanya kazi, Opendi, alijibu Okedi. Hatuna haraka.